Mwanetu Awe Mpelelezi wa Kompyuta? Tusiharakishe Kukataa



 

Kamati ya jarida imetuomba tuandike juu ya kazi za halali ambazo vijana wetu wanaweza kuzifikiria. Walimu wenzetu wamekwishachukua udaktari, ualimu na biashara. Sisi tumechagua kazi ambayo tunajua baadhi ya wazee wataikunjia uso, na sababu ya kuichagua ni mzazi mmoja aliyetujia baada ya sala ya Alasiri miezi michache iliyopita. Mwanawe alisoma hapa tangu ana miaka sita, akaondoka na juzuu 12 kifuani. Amemaliza kidato cha sita na anataka kwenda chuo kikuu kusomea uchunguzi wa makosa ya kompyuta, kisha aajiriwe serikalini.

"Ustadhi," alituambia yule mzee, "mimi mtoto nimekuleteeni asome Qur'ani. Leo anataka kazi ya kupekua simu za watu. Si ndiyo tajassus hiyo mnayotukataza?"

Hatukumjibu siku ile, tulimwomba atupe muda. Haya ndiyo majibu yetu, na tunayasema mapema ili msomaji asiyatafute: tunaona kijana aachiwe aende. Lakini hofu ya mzee ina msingi wake, na mwenye kuipuuza hajaielewa kazi yenyewe wala hajaielewa dini.

Tuanze na kazi. Watu wengi wakisikia mpelelezi wa kompyuta huwaza mtu aliyejificha mahali anasikiliza maongezi ya wenzake. Sehemu kubwa ya kazi hii ni ya mezani, na inachosha. Simu au kompyuta imekamatwa katika kesi. Mpelelezi anatakiwa aeleze kilichomo, kiliingia lini, kiliingiaje, na kadiri ushahidi unavyofika, kwa mkono wa nani. Kisha anasimama mahakamani kuhojiwa na wakili wa upande wa pili. Mashauri yanayomfikia tunayajua sote: bibi kizee aliyetumiwa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" akatuma kweli, binti ambaye picha zake zimeibwa kwenye simu, anadaiwa fedha zisisambazwe, duka ambalo karani amebadilisha hesabu usiku.

Na sisi wenyewe yametufika, na hapa inatubidi tukiri jambo ambalo hatulipendi. Miaka kadhaa iliyopita wazazi wa madrasa walipokea ujumbe kwamba ada sasa zitumwe kwenye namba mpya. Ujumbe uliandikwa kwa adabu, umeanza na salamu, na ulikuwa na majina ya watoto wao. Wazazi wapatao 20 walituma. Ilipogundulika, macho yote yalimwelekea mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akiandika daftari la mahudhurio, kwa kuwa majina alikuwa nayo yeye. Hakuna aliyesema waziwazi. Watu walianza kunyamaza akiingia, na mzazi mmoja akamhamisha mtoto wake darasa. Sisi tulikuwa wakubwa kwake, na tulifundisha Suratul Hujurat muhula uleule, aya ya 6, inayotuamrisha tuchunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Tulinyamaza kama wengine.

Polisi walimleta mpelelezi, dada mmoja wa makamo. Kwa jina lake si Mwislamu. Kijana alimpa simu yake papo hapo, "chukua uangalie yote." Hakuipokea hivyo. Aliandika kwanza aina ya simu, namba yake ya kiwandani yenye tarakimu 15, saa aliyokabidhiwa na nani alikuwepo, akaiweka katika mfuko unaozuia mawimbi ili mtu asiweze kuifuta kutoka mbali, akatutia saini watu wawili. Tulidhani ni urasimu. Baadaye taarifa za kampuni ya simu zilipopatikana kwa njia ya sheria, ilionekana kwamba ile laini ya utapeli ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama mmoja wa mkoa mwingine asiyejua lolote, na simu iliyoibeba ilikuwa imebeba laini nyingine nyingi kabla yake. Haikuwa simu ya kijana wetu, na jumbe nyingine zilitumwa akiwa darasani mbele ya watoto 40. Majina yalitoka kwenye simu ya mzazi iliyoibiwa sokoni, ambayo ndani yake ilikuwamo orodha ya watoto tuliyoituma wenyewe.

Kijana alisafishika. Lakini alikuwa ameshaondoka wiki mbili kabla. Huyo dada alimfanyia uadilifu ambao sisi ndugu zake katika imani tulishindwa kumfanyia, na kila tunaposoma aya ya 8 ya Suratul Maida, kwamba chuki juu ya watu isitupeleke kutokufanya uadilifu, tunamkumbuka.

Sasa wanafunzi, tazameni zile saini. Mnaposoma Hadithi mnafundishwa isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwa Mtume (S.A.W.). Akiingia katikati mtu asiyejulikana, au wawili ambao hawakupata kukutana, Hadithi inadhoofika hata maneno yake yakiwa mazuri namna gani. Ushahidi wa kompyuta hukaa juu ya jambo lilelile. Nani aliichukua simu, akamkabidhi nani, ilifungiwa wapi, nani aliifungua, lini. Mkono mmoja ukikosa jina, wakili atasimama aseme: huenda humo katikati mtu aliongeza kitu. Na atakuwa na haki ya kusema.

Na matini nayo ina ulinzi wake. Mpelelezi mzuri hafanyi kazi kwenye diski yenyewe. Hutumia kifaa kinachozuia chochote kuandikwa humo, akatoa nakala kamili, kisha nakala na asili zote mbili hupitishwa katika kanuni ya hesabu inayotoa mfano wa alama ya kidole ya kile kilichomo. Kanuni moja inayotumika sana, SHA-256, hutoa herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja katika faili la kurasa 1,000 na alama yote inageuka. Msomaji aliyewahi kukosea harakati moja mbele ya hafidhi akarudishwa papo hapo ataelewa haraka kuliko tunavyoweza kueleza. (Wale ambao bado wanatuletea Suratul Yasin na irabu za kubahatisha, tunazungumza nao baada ya gazeti hili.)

Tanzania mambo haya yameshaingia katika sheria. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Kifungu cha 18 cha hiyo ya pili kinaitaka mahakama, inapoletewa ushahidi wa namna hii, iangalie kama njia iliyotumika kuuzalisha, kuuhifadhi na kuupeleka ni ya kutegemewa, uzima wake ulilindwaje, na aliyeutoa alitambuliwaje. Mwanafunzi wa Mustalahul Hadith angeyauliza maswali hayohayo.

Kuna jambo jingine ambalo hatujaona likitajwa, nalo ni saa. Mitambo mingi huweka kumbukumbu kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kumbukumbu ikisema Alhamisi saa 22:15, kwetu hapa ni saa saba na robo usiku na Ijumaa imeshaingia. Hapohapo shahidi wetu akisema "saa tatu usiku" anakusudia 21:00, ambayo katika ule mtambo itasomeka 18:00. Tena watu wa pwani, hasa wazee, siku yao inaanza Magharibi: akikwambia "usiku wa Ijumaa" anaweza kuwa anasema ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mpelelezi asiyejua haya, hata akiwa na vifaa vya mamilioni, anaweza kumweka mtu sokoni saa ambayo alikuwa kwenye safu ya Isha.

Na lugha je? Vijana wetu wanaandikiana kwa mkato, "kesho tunatoka kwa dawa", wakimaanisha daawa, kwenda vijijini kuwafundisha watu dini yao. Mtu asiyetujua ataisoma vingine kabisa. Ndiyo maana tunapoambiwa "kazi hiyo si ya watoto wetu" huwa tunajiuliza: basi ni nani atakayesoma jumbe za watoto wetu?

Qur'ani yenyewe imetupa kisa cha ushahidi wa kitu, na cha ajabu ni kwamba kitu ni kilekile mara mbili. Katika Suratu Yusuf, ndugu zake walimletea baba yao kanzu yenye damu (12:18). Damu ilikuwa ya kweli lakini ushahidi ulikuwa wa uongo, na Nabii Yaqub (A.S.) hakuupokea. Baadaye katika nyumba ya bwana wake Misri, kanzu ya Yusuf (A.S.) ilichanwa, na shahidi kutoka katika jamaa za yule mwanamke akatoa kanuni: mtazame upande uliochanwa, mbele au nyuma (12:26-28). Hakuuliza nani ana cheo na nani mtumwa, aliuliza nguo. Tunawaomba walimu wenzetu wanapofasiri sura hii wasipite haraka hapo, maana kanzu ya kwanza inafundisha kwamba vitu navyo husemeshwa uongo.

Wanaodhani kompyuta haisemi uongo waangalie Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko liliingiza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaonyesha upungufu wa fedha katika ofisi ndogo za posta, na wasimamizi wake wakaambiwa wameiba. Mwaka huohuo wa 1999 Bunge la Uingereza lilifuta kifungu kilichomtaka mwenye kuleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, mahakama zikawa zinachukulia kuwa ni nzima mpaka ionyeshwe vingine. Muuza stempu wa kijijini ataonyeshaje? Hadi kufika mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wako waliofungwa, mmoja wao ni mama aliyekuwa mjamzito, wako waliofilisika, wako waliojiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikathibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuwafutia waliobaki kwa mamia. Ndani ya shirika na kampuni walikuwemo watu waliojua habari za kasoro zile wakati kesi zinaendelea. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tuwe mashahidi kwa ajili ya Allah ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Mwajiri hakutajwa kwa jina, lakini hatuoni namna atakavyotoka humo.

Tumrudie sasa mzee wetu na tajassus yake. Ni kweli Allah (S.W.) amekataza kupelelezana (49:12). Wanazuoni wanasimulia kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.) kwamba alisikia kelele za ulevi nyumbani kwa mtu, akapanda ukuta, akamkuta. Yule mtu akamwambia: ikiwa mimi nimeasi mara moja, wewe umeasi mara tatu; umepeleleza, umeingia si kwa mlangoni, na umeingia bila ya idhini wala salamu. Khalifa, pamoja na mamlaka yote aliyokuwa nayo, akamwacha.

Kisa hiki hakikatazi uchunguzi. Kinakataza kupanda ukuta. Mwenye kudhulumiwa akishtaki, na hakimu au mwenye mamlaka akatoa amri, na mchunguzi akaangalia kile tu alichoamriwa akaacha yasiyohusu, huyo ameingia kwa mlangoni. Tabibu naye huona uchi kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Ila tuseme ukweli, milango ya zama zetu ni mipana. Sheria ile ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya upekuzi bila ya kupita kwa hakimu, na wanasheria wengi walilalamika tangu mswada ulipokuwa bungeni. Sisi tunaona malalamiko yao yalikuwa ya haki. Kijana atakayeingia katika kazi hii atakabidhiwa kamba ndefu kuliko inayofaa, na hakuna atakayemwona anapofungua picha za familia ya mtu zisizohusiana na kesi. Hapo ndipo zile juzuu 12 zitakapojulikana zilikuwa kifuani au ulimini.

Hofu ya pili ya mzee hakuisema, ila tunaijua kwa kuwa ni yetu sote: kwamba atatumiwa dhidi ya Waislamu. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni kule Madrid, wataalamu wa FBI ya Marekani walitazama picha ya alama ya kidole waliyotumiwa kwa kompyuta kutoka Hispania wakasema ni ya Brandon Mayfield, mwanasheria Mmarekani aliyesilimu. Polisi wa Hispania waliwaambia mapema kwamba hawaoni inafanana. Hawakusikia, wakamkamata na kumweka ndani wiki mbili, mpaka Wahispania wakampata mwenye alama yake. Serikali ya Marekani ilimwomba radhi na kumlipa dola milioni 2 mwaka 2006, na mkaguzi wa wizara yao ya sheria aliandika kwamba kule kuwa Mwislamu kulichangia wao kusita kujisahihisha.

Kisa hicho wengine hukitumia kusema tukae mbali. Sisi tunakisoma kinyume. Kilichomwokoa yule mtu ni mtaalamu wa nchi nyingine aliyetazama tena akasema hapana. Katika chumba kile cha Marekani alikosekana mtu wa namna hiyo, na hatatokea katika vyumba vya kwetu ikiwa kila mzazi atamzuia mwanawe mlangoni.

Tena tunasema wana na mabinti, na hasa mabinti. Shauri la picha lililomfika binti, ataanzaje kulieleza kwa mwanamume asiyemjua, na picha zenyewe ni ushahidi unaotakiwa kutazamwa? Hili peke yake lingetosha kuwafanya baadhi ya mabinti zetu wenye akili ya hesabu walifikirie, na mama zao wasiwakatishe tamaa.

Kwa wanaotaka kujua njia, Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali, na vipo vyuo vingine vyenye masomo ya karibu. Hesabu na fizikia zinahitajika, na Kiingereza cha kuandika ripoti, kwa sababu ripoti mbovu huua ushahidi mzuri. Na tuwatahadharishe wanafunzi wa darasa la juu ambao tumesikia wanafunguliana simu "kwa mazoezi": kuingia katika simu ya mwenzako bila ya idhini yake ni dhambi, na kwa sheria ya 2015 ni kosa la jinai. Mazoezi yafanyeni kwenye simu mbovu za nyumbani. Mtajifunza kwamba ujumbe uliofutwa wakati mwingine bado upo, maana mtambo huondoa jina kwenye orodha na kuacha maneno mpaka nafasi yake itumiwe, ingawa simu za siku hizi husimba na kufuta kwa namna inayofanya hata mtaalamu arudi mikono mitupu.

Yule mzee alirudi wiki iliyopita, tukamsomea sehemu ya makala haya. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: "Na akiletewa kesi ya ndugu yake?" Tukamkumbusha yaliyotajwa na wafasiri katika kushuka kwa Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105: ngao iliibiwa Madina pamoja na unga, mfuko ukavuja njiani, watu wa mwizi wakataka kumtupia Yahudi asiye na kosa, na Qur'ani ikashuka kumsafisha Yahudi yule na kumfichua mtu wa upande wetu. Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema fomu za chuo ziko kwa mama yake kijana, atazitazama.

Ama yule mwalimu wetu kijana, tulisikia anafundisha Korogwe. Tumemwandikia barua, na tumempa shemeji yake aifikishe kwa mkono.